Reli ya Mtwara–Mbamba Bay: tudai umeme au dizeli?

Fundi Umeme, Mikindani
Habari za jioni wanakusini. Jana kijiweni kahawa ilipoa tukibishana, nikaona nilete huku. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, na matawi yake ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, tumeisikia tangu tuna meno ya utoto. Tuseme siku imefika, mkandarasi yuko bandarini anashusha vyuma. Tudai treni ya umeme kama ile ya Dar–Dodoma iliyozinduliwa Agosti 2024, au ya dizeli?

Mimi nasema umeme. Watu wakisikia treni ya umeme wanawaza nguzo na nyaya, lakini shughuli yenyewe imo ndani ya makasha ya treni. Waya wa juu unabeba volti 25,000. Transfoma inazishusha, kisha konveta inaukatakata umeme huo na kuupanga upya, mota iondoke taratibu na baadaye ikimbie. Kinachokata ni swichi ambazo hazina hata kipande kinachocheza, zinafunga na kufungua mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Zilikuwa za silikoni. Sasa zimeingia za silikoni kabaidi, ambazo hazipotezi umeme mwingi kwa joto, kwa hiyo kasha linapungua ukubwa na uzito. Treni ya kasi ya Japani, Shinkansen ya N700S, iliyoanza kubeba abiria Julai 2020 inazo, na magari ya umeme ya Tesla Model 3 yanazo.

Utamu uko kwenye mteremko. Treni ikishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye waya. Makaa ya mawe ya Ngaka yanatoka juu kule Mbinga kuja usawa wa bahari. Mzigo unashuka, mabehewa matupu ndiyo yanayopanda. Mungu atupe nini tena?

Dereva wa Makaa, Songea–Mtwara
Fundi, unaongea vizuri kwa sababu hujalala porini Tunduru gari limegoma. Lori langu la zamani likizima nilikuwa nafungua boneti, nasafisha nozeli, nabana paipu, naondoka. Hili jipya limenizimia kwa sensa yenye ukubwa wa kidole. Siku tatu nasubiri mtu aje na mashine ya kupimia, kumbe panya katafuna waya. Sasa treni nzima ikigoma kati ya Tunduru na Masasi, nani anaifuata? Na umeme ukikatika? Umeme wetu tunaujua. Leteni dizeli, ugonjwa wake tumeuzoea.

Fundi Umeme, Mikindani
Kaka, dizeli ipi? Vichwa vingi vya treni za masafa havina giaboksi kama lori lako. Injini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, mota ndizo zinazovuta. Na vya kisasa vina konveta zilezile. Sensa unayoikimbia utaikuta humo imekaa inakusubiri.

La kukatika umeme nakupa nusu. Hiyo N700S ina betri za lithiamu za kuisogeza polepole, isibaki darajani au ndani ya handaki umeme ukipotea. Lakini hizo ni za kujiokoa, si za kuvuta makaa hadi bandarini.

Mwana wa Msimbati
Mnasema umeme kama vile ni wenu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliinuka kupinga gesi hii ya Mnazi Bay, inayofua umeme, kupelekwa Dar. Bomba likajengwa, 2015 gesi ikaenda Dar. Sasa nasikia betri za magari ya umeme zinataka kinywe (grafiti), na kinywe kiko hapo Ruangwa. Kichimbwe, kipakiwe, kivuke bahari, kiturudie ndani ya betri tukinunue. Treni iwe ya umeme au ya kusukuma kwa mikono, mimi nataka kujua inakuja kubeba nini na inaacha nini.

Mzee wa Nachingwea
Wajukuu zangu, reli tulikuwa nayo. Mkoloni aliijenga kwa ajili ya mashamba yake ya karanga, ikaja hadi hapa Nachingwea. Karanga zikamshinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Haikufa kwa ubovu wa injini, ilikufa kwa kukosa mzigo. Korosho ni za msimu, hazilishi reli mwaka mzima. Makaa bei ikishuka huko nje, nani atayapakia? Hesabuni tani kwanza, ndipo mbishane kuhusu nguzo.

Mwanafunzi wa Ufundi, Masasi
Shikamoo mzee. Naomba nirudi kwa panya wa dereva, maana mmempita haraka. Tatizo halikuwa waya, waya hata mimi naunga. Tatizo ni kwamba mashine ya kuonyesha waya upi haikuwepo. Kwenye mazoezi nimefungua kontroboksi za magari ya pwani hii, pini zimeota ukijani kwa hewa ya chumvi. Nyingine ukiisafisha inapona, nyingine programu yake imefungwa kwa nywila ya kiwandani, huingii. Treni nayo bodi ya saketi ikiungua watang'oa kasha zima walisafirishe. Mimi nadai karakana Mtwara, michoro ya saketi ikabidhiwe, na nywila ziandikwe kwenye mkataba. Hayo yakikosekana hata dizeli siitaki.

Dereva wa Makaa, Songea–Mtwara
Binti, hapo umenigusa. Lakini reli ikichukua makaa, mimi nakula wapi? Hilo hakuna aliyeligusa.

Fundi Umeme, Mikindani
Shikamoo mzee. Hesabu ya tani sikuileta na ndiyo iliyotakiwa ije mwanzo, maana nguzo na vituo vya umeme ni gharama, zinalipika treni zikiwa nyingi. Treni mbili kwa siku, dizeli inanishinda hata mimi. Dereva, lako sina jibu. Korosho za vijijini zitahitaji lori hadi kituoni, ila najua hizo si safari za Songea.

Mwana wa Msimbati
Na mimi hujanijibu.