Mrejesho: Kile kinundu kigumu kwenye mkono wa mwanangu

Wakuu, salaam. Niliuliza kwa nini mkono wa binti yangu uliovunjika ulibaki na kinundu kigumu baada ya kufunguliwa hogo, na kama mfupa umeunga vibaya. Asanteni sana kwa kunisisitiza turudi kliniki.

Mfupa umeunga vizuri. Daktari alituonyesha picha ya eksirei: pale palipovunjika pamezungukwa na kivimbe cheupe kama pamba, kinene kuliko mfupa wenyewe. Alisema mfupa ukivunjika, damu huganda kwanza, kisha hujengeka gegedu laini (tishu nyumbufu kama ya sikio) la kushikilia vipande viwili. Gegedu hilo hugeuka mfupa mpya ambao bado ni wa harakaharaka, nyuzi zake za kolajeni (protini inayoupa mfupa uimara) zimekaa ovyo. Ndicho kinundu nilichokuwa nakipapasa kila jioni kwa hofu!

Sasa inafuata kazi ya kuchonga. Seli ziitwazo osteoklasti hula mfupa uliozidi, na osteoblasti hujenga mwingine uliopangika kufuata uzito na misuli inavyovuta. Huchukua miezi, hata miaka, ila kwa mtoto anayekua huenda haraka kuliko kwa mtu mzima. Nilichofurahia zaidi ni kwamba bamba la ukuaji, karibu na kifundo cha mkono, halikuguswa, maana huko ndiko mfupa unakorefukia.

Ameruhusiwa kuandika na kubeba vitu vyepesi. Kuruka kamba bado. Kiganja anakunja chote, vidole havifi ganzi.