Mama yu macho lakini akiitwa haitiki. Bado ana fahamu? Naombeni ushauri

Binti_Langoni: Assalamu alaykum. Niko Lamu. Mama alianguka akaumia kichwa, damu ikavia ndani. Baada ya wiki kadhaa alifumbua macho. Anapumua mwenyewe, analala na kuamka, lakini hamtazami mtu wala hashiki mkono. Daktari alimwangalia kidogo tu akasema hajui linalopita. Sasa ndugu zangu wameacha kumsemesha, na juzi walizungumza habari za mirathi papo hapo kitandani. Inaniuma sana. Nasikia wanasayansi wanatafuta fahamu inakoanzia kwenye ubongo. Wamefikia wapi? Na mimi nifanyeje?

Ami_Shela: Pole mwanangu. Mirathi ya mtu aliye hai haizungumzwi. Watoe chumbani.

Mwalimu_Baiolojia: Pole dada, Mola amfanyie wepesi. Chanzo chenyewe cha fahamu hakijajulikana. Mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kuwa katika miaka 25 alama ya fahamu kwenye ubongo itakuwa imepatikana. Mwaka 2023 Koch alikubali kuwa ameshindwa.

Lakini yapo yanayojulikana: fahamu haitokani na wingi wa seli tu. Ubongo mdogo ulio kisogoni una karibu seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo wote, na wapo watu walioukosa, wakawa na shida ya mwendo na usemi huku fahamu wanayo. Shina la ubongo, linalouunganisha na uti wa mgongo, ni dogo mno, ila likiumia pabaya mtu hazinduki. Mama kufumbua macho kunaonyesha shina linafanya kazi. Kama anajua yanayopita, macho pekee hayatoshi kukujibu.

Nesi_wa_Pwani: Dada, usikubali jibu la mara moja. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimpima kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, mwanamke wa miaka 23 aliyeonekana hana fahamu baada ya ajali ya barabarani. Walimwambia awaze anacheza tenisi, kisha anazunguka vyumba vya nyumbani kwake. Kila mara ubongo wake uliitika sawa na wa watu wazima wa afya. Utafiti wa 2024 ulikuta hivyo kwa karibu robo ya wagonjwa 241 ambao kwa kuwatazama tu hawakuonekana kutii amri yoyote. Robo tatu hawakuonyesha kitu, nakwambia ukweli usije ukajipa hakika.

Omba apimwe kwa CRS-R, kipimo cha fahamu cha kumwangalia mgonjwa anavyoitika, siku mbalimbali na saa mbalimbali, maana hali hizi hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Hakitaki mashine, kinataka utulivu. Kuna sehemu unaweza kuijaribu mwenyewe: mwekee kioo mbele ya uso, kisogeze polepole kulia na kushoto, halafu juu na chini. Wako wagonjwa wasiofuata kidole wala kalamu, lakini uso wao wenyewe wanaufuata. Akifuata, rudia, umrekodi kwa simu, umwonyeshe daktari. Na msemesheni kwa jina lake, sauti anazozijua.

Binti_Langoni: Shukran sana. Anapewa dawa za kifafa asubuhi na jioni. Zaweza kumlevya?

Nesi_wa_Pwani: Zaweza, baadhi yake. Usizikate wala usizipunguze. Andika saa ya kila dozi, umwombe daktari ampime wakati dawa imepungua nguvu, mchana, akiwa ameshapumzika na redio imezimwa.