Mkataba wa simu Uingereza: nilisaini pauni 27, Aprili inakuwa 30.60, naweza kutoka?

mama_nasra
Habari zenu wakuu. Naombeni ufafanuzi kwa mnaoyajua haya mambo. Februari mwaka jana, 2025, nilichukua mkataba wa miezi 24, simu na bando humo humo, pauni 27 kwa mwezi, kampuni siitaji. Aprili ile ile ikapanda 28.80 nikanyamaza, nikajua ndo utaratibu wao. Juzi imeingia meseji tena, kuanzia Aprili hii ni 30.60! Jamani mimi nilisaini 27. Hela ya kea, hii kazi ya kutunza wazee, yenyewe ndo hii mnayoijua, na kwenye taarifa ya habari wanatuambia mfumuko wa bei umeshuka sana ukilinganisha na ile miaka vita vya Ukraine vilipoanza, sasa kama umeshuka hawa wanapandisha nini? Naweza kuvunja mkataba kwa sababu wao ndo waliobadilisha bei? Shosti mmoja kazini ananiambia nenda kafute malipo benki watajua wenyewe, ila roho inasita.

mbeba_boksi_cov
Dada usifute malipo benki, nakuomba sana. Mkataba hauvunjiki kwa kufuta malipo, deni linabaki pale pale, wanakuandikia barua mbili tatu, halafu wanakuwekea doa kwenye rekodi yako ya mikopo na doa hilo linakaa miaka 6. Siku unataka kupanga nyumba wakala anapiga chabo kwenye hiyo rekodi anakuambia samahani. Kwa ajili ya pauni 3.60? Hapana. Huyo shosti mpe pole tu.

mzee_reading
Mama Nasra, ngoja nieleze maana watu wengi wanachanganya hapa.

Mfumuko kushuka siyo bei kushuka. Oktoba 2022 ulifika asilimia 11.1, Mei 2024 ukawa 2, lakini hiyo 2 maana yake vitu bado vinapanda ila polepole, mkate uliopanda 2022 haukurudi bei yake ya zamani na hautarudi.

Zamani makampuni makubwa yalikuwa yanapandisha kwa fomula, wanachukua mfumuko wa Desemba (ule wanaouita CPI) wanaongeza asilimia 3.9 juu yake. Sasa fikiria 2023, CPI ilikuwa 10.5, ukijumlisha unapata 14.4! O2, kampuni nyingine ya simu, wao walikuwa wanatumia kipimo kingine cha mfumuko, RPI, mwaka huo wateja wao wakapigwa 17.3. Watu walipiga kelele kweli kweli, maana unasaini bila kujua mwakani utalipa ngapi, nani anaweza kubashiri mfumuko? Ofcom, wale wasimamizi wa mawasiliano, wakaja kupiga marufuku, kuanzia tarehe 17 Januari 2025 mkataba wowote mpya ukitaka kupanda lazima uandikwe kwa pauni na peni, na uambiwe ni lini, kabla hujasaini.

Kwa hiyo wako wa Februari 2025 uko chini ya sheria mpya. Kaangalie ile karatasi ya muhtasari waliyokutumia kwenye imeli, nina uhakika utakuta "1.80 kila Aprili". Kama imeandikwa, huna haki ya kutoka bure. Ungekuwa nayo kama wangepandisha zaidi ya walichoandika, hapo wangetakiwa kukupa taarifa ya siku 30 na uondoke bila faini.

tanga_raha
Mzee umeeleza vizuri ila hiyo sheria mnaisifia bure. Mimi naona imemuumiza mnyonge. Piga hesabu, 1.80 kwa mwenye mkataba wa pauni 45 ni asilimia 4, hata haisikii. Kwa mwenye laini tupu, yaani bando bila simu, ya pauni 9 ni asilimia 20!! Kwa ile fomula mbovu ya zamani, 2024 ilikuwa 4 jumlisha 3.9 yaani 7.9, huyo wa pauni 9 angeongezewa peni 71 tu. Yaani tajiri na kibarua wote 1.80, halafu tunaambiwa tumelindwa. Bei imekuwa wazi, sawa, lakini kuwa wazi na kuwa nafuu ni vitu viwili.

Na hata huo uwazi una tundu. Oktoba mwaka jana O2 si wametangaza nyongeza inatoka 1.80 inakwenda 2.50, kwa watu waliokwisha saini ya 1.80? Ofcom wakasema wamesikitishwa, basi. Sheria haikuvunjwa kwa sababu wateja walipewa siku 30 za kuondoka bure, ila mwenye simu ya mkopo anaondoka na deni la simu mgongoni, sasa hiyo bure iko wapi.

Nakumbuka nyumbani Tanzania Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka, mtandao mzima uliwaka na serikali ikasitisha haraka. Huku watu wanatuma imeli za kiungwana.

njoro_254
Enyewe mimi niliachana na hizi contract kitambo. Nunua simu yako iliyotumika, cash, halafu shika laini ya mwezi kwa mwezi, Smarty, Giffgaff, Lebara, ziko mob, wakipandisha unahama tu hakuna story. Mama, tuma neno INFO kwa 85075 ukitumia hiyo laini yako, ni bure, watakujibu kutoka leo kunakugharimu pesa ngapi.

mama_nasra
Asanteni sana. Nimefungua ile karatasi, ipo kweli, maandishi madogo chini ya jedwali, "1.80". Na INFO nimetuma, kutoka sasa hivi ni zaidi ya pauni 250, basi nabaki. Nimepiga hesabu ya miezi yote 24 hizi nyongeza zinafika pauni 57 na ushee juu ya nilichodhani nitalipa. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

mzee_reading
Subiri Februari 2027 mkataba uishe. Watakutumia taarifa siku 10 hadi 40 kabla, usiipuuze, maana usipofanya kitu wataendelea kukukata 30.60 ile ile wakati simu umeshaimaliza kulipa, na hapo ndo wanapokula watu. Wakikupigia kukupa simu mpya, kumbuka anayesaini Februari anapandishiwa Aprili, miezi miwili tu, anayesaini Mei anakaa karibu mwaka mzima. Ukihama na namba yako tuma PAC kwa 65075, wanakupa namba maalumu ya kuhamia inayodumu siku 30, unawapa kampuni mpya, siku ya kazi inayofuata laini imeshahama. Usipige simu kuaga, huko ndiko wanakokubembeleza.

mama_nasra
Sawa mzee wangu. Na ya kijana wangu, laini tupu ya pauni 8, mkataba uliisha mwaka jana na Aprili nayo wanaongeza?

tanga_raha
Hiyo itoe leo leo, isingoje Aprili. PAC itumwe kutoka simu yake yeye, siyo yako.