Wakuu 16 waje Lubumbashi: kwa nini kila mara Kinshasa?

Mwana Kamalondo: Mkutano wa Francophonie, nchi zinazotumia Kifaransa, 2012, Kinshasa. Wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, 2022, Kinshasa. Sisi tuko mlangoni mwa Zambia, mpaka wa Kasumbalesa ni kama kilomita 90 tu. Kwa nini mkutano wa wakuu wa SADC usifanyike hapa? Hoteli ya Karavia ipo, kumbi zipo, uwanja wa ndege wa Luano upo. Semeni.

Mtu wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi): Luano ina njia ya kurukia ya kama mita 3,200, ndege ya rais yeyote inatua. Shida si kutua, ni kulala. Wakuu 16, na wengine wanatanguliza ndege ya pili yenye walinzi na mizigo. Tuseme ndege 20. Zikipangwa zote, ndege ya abiria haina pa kusimama. Ndiyo maana kwenye mikutano hii rubani anamshusha mkubwa wake, kisha anaondoka kwenda kulala uwanja mwingine. Kwetu ni Ndola, Zambia. Hapo kila ndege inahitaji vibali vya nchi mbili, mafuta yaliyoagizwa mapema, na saa ya kurudi iliyoandikwa. Rais mmoja akikawia kwenye picha ya pamoja, foleni yote imeharibika. Na mkutano wao wa kawaida ni Agosti, wakati pori linawaka na moshi unashuka jioni.

Katuba: Ndola tena! Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akienda Ndola kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, Septemba 1961. Mnajua ilivyoisha: ndege ikaanguka, akafa.

Mtu wa Kenya: 1961 inaingiaje kwenye maegesho, yaya?

Msomaji wa Dar: Uwanja mtapata. Swali ni nani atatafsiri. Hicho Kiswahili cha Lubumbashi, rais wetu atakielewa?

Mwana Kamalondo: Kiswahili yetu iko na kosa gani? SADC ilikubali Kiswahili 2019, kule kule Dar, haikuandika ni ya nani. Malori ya shaba inafikaka kwenu kila siku, na pale munatusikiaka muzuri!

Fundi wa vibanda: Kwanza, anayetafsiri maandishi ni mfasiri, anayesema papo kwa papo ni mkalimani. Pili, acheni lafudhi, hesabuni vibanda vya wakalimani. Lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kiswahili. Kila kibanda watu wawili, wanapokezana kila nusu saa, kwa sababu baada ya hapo makosa yanaanza. Kikao cha kutwa, weka watatu. Kibanda cha kuhamishika cha watu wawili ni mita 1.60 kwa 1.60, kimo mita 2, chenye feni isiyo na kelele, na kioo kinachowaonyesha mdomo wa msemaji.

Panapouma ni Kireno kwenda Kiswahili. Mkalimani wa hizo mbili moja kwa moja ni adimu, kwa hiyo kibanda cha Kiswahili kinasikiliza cha Kifaransa. Rais wa Angola akitania, upande wa Kifaransa unacheka kwanza, upande wa Kiswahili unacheka yeye akishafika kwenye msiba. Na Kifaransa kikikosea tarakimu, Kiswahili kinairudia kwa sauti nzuri kabisa.

Kuhusu umeme: jenereta pekee haitoshi. Inachukua sekunde kadhaa kuamka, lakini meza ya sauti ya kidijitali ikizimika inachukua dakika. Weka betri katikati. Na kama visikilizi ni vya miale ya infraredi, funga mapazia, jua linaviziba.

Katuba: Kwa hiyo unakubali Kiswahili sanifu ni cha Dar?

Fundi wa vibanda: Nimesema mapazia.

Msomaji wa Dar: Sanifu ilitokana na Kiunguja, mkubwa, si Dar.

Ruashi: Mnagombania lafudhi na viti hamjavipanga. Alfabeti ya lugha gani? Kwa Kifaransa Afrika Kusini ni wa kwanza, kwa Kiingereza anakwenda nyuma kukaa kando ya Tanzania, na Angola ndiyo inafungua. Sisi kwa Kifaransa tuko R, ya République, baada ya Namibia. Kwa Kiingereza D, ya Democratic, baada ya Komoro. Kosa la kawaida: aliyechapa kadi za viti alifuata Kiingereza, aliyesimika milingoti nje alifuata Kifaransa. Siku ya picha rais anasimama chini ya bendera ya jirani, na hakuna anayethubutu kumsogeza.

Mwana Kamalondo: Tupange kwa Kiswahili, tumalize! Afrika Kusini, Angola, Botswana, Eswatini, halafu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tano bora.

Katuba: Kongo kwa K? Au Congo?

Msomaji wa Dar: Umeandika Jamhuri, ndugu. Ni J.

Katuba: Ninauliza kadi itaandikwaje.

Mwana Kamalondo: C. Njo vile tunaandikaka.

Ruashi: K! Kadi nzima ni ya Kiswahili.