Nataka kuacha ajira nifanye kazi za mninga hapa Tabora, naombeni ushauri

Mranda_Jioni (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Nina miaka 34, naishi Ipuli, Tabora mjini. Nina mke na watoto wawili, na mama yuko Uyui, namtumia chochote kila mwezi. Nimeajiriwa na kampuni binafsi upande wa stoo, mwaka wa saba huu. Baada ya makato nashika 540,000. Kazi haina tabu na bosi ni mtu mwelewa, na hapo ndipo roho inaponiuma. Najiona kabisa nikiwa na miaka 50 nimekalia kiti kilekile nahesabu magunia.

Baba mdogo ni seremala, nimekulia karakanani kwake. Yeye ni vitanda na makabati. Mimi nikawa naokota vipande vya mninga vinavyobaki, jioni nikitoka kazini natengeneza saa za ukutani, trei za chai, mbao za kukatia mboga na magari ya watoto. Vitanda siviwezi na sivitaki, mafundi wa vitanda mji huu wamejaa kila kona.

Nauza kupitia WhatsApp na Instagram. Saa ni 45,000, trei 30,000, mbao ya kukatia 25,000. Desemba niliuza zaidi ya 900,000, mwezi mmoja tu, na nilikuwa nafanya usiku nikiwa nimechoka. Nikawaza, je nikiwa huru kutwa nzima?

Isitoshe kuna duka la zawadi Dar limeona kazi zangu. Wanataka saa 40 kwa mwezi kwa 28,000, wao wauze ndipo wanilipe.

Nina akiba ya 2,300,000. Mpango ni kuandika barua ya kuacha kazi mwisho wa Machi, nikodi fremu karibu na stendi, ninunue jigso nzuri ya kukatia na mashine ya kupigia msasa. Niache sasa au nisubiri? Mnaojua njia hii nishikeni mkono.

Kijiwe_Cheyo

Acha kazi mkuu. Mtu ana kipaji chake halafu anahesabu magunia ya watu! Unaogopa nini? Andika barua hata leo.

Dada_wa_Vitenge

Huyo wa juu hakulipii ada ya watoto, usimsikilize peke yake.

Mimi niko Kigoma, Mwanga. Nilikuwa ofisini, sasa nashona mabegi na pochi za vitenge, na ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo sikukatishi tamaa, nataka tupige hesabu pamoja, maana umetuandikia mauzo tu, faida hujaitaja popote.

Chukua saa moja ya 45,000. Kipande cha mninga kihesabie 6,000 hata kama baba mdogo hadai, maana siku akidai utafanyaje? Mashine ya saa na betri, 6,000. Msasa, gundi na sila ya kupaka mbao, 4,000. Umeme na uchakavu wa vifaa, 2,000. Boksi na bodaboda, 5,000. Jumla 23,000. Unabaki na 22,000. Kama bei za Tabora ni tofauti nirekebishe, ila usifute mstari hata mmoja.

Ili ufikie 540,000 unahitaji kuuza saa 25 kila mwezi, na hapo hujalipa fremu, hujalipa bando la kupostia picha, hujalipa siku uliyougua malaria. Saa 25 kwa mwezi ni karibu moja kila siku ya kazi. Nani Tabora ananunua saa ya ukutani kila siku? Aliyenunua Desemba ameshatundika, hahitaji nyingine.

Sasa hilo duka la Dar. Saa 28,000, toa 23,000 zilezile, unabaki na 5,000. Mara 40 ni laki mbili. Kwa laki mbili umefanya kazi mwezi mzima, na 920,000 yako imekaa kwenye rafu ya mtu mwingine ikisubiri mteja. Hiyo ni mali kauli, kaka. Umewakopesha bila riba, na saa ikipata mkwaruzo watakurudishia wewe.

Mranda_Jioni

Dada umeniamsha. Mbao nilikuwa siihesabu kabisa. Na boksi nilikuwa naokota dukani kwa jirani.

Ila Desemba si saa tu, trei ndizo zilitoka zaidi. Kuna ofisi moja ilichukua trei 12 za kuwapa wateja wao.

Kijiwe_Cheyo

Hao wenye hesabu ndio wanaozeeka maofisini.

Dada_wa_Vitenge

Nimekwambia mimi niko nje ya ofisi, au husomi?

Mranda, hiyo ofisi ya trei 12 ndiyo habari kubwa kwenye uzi wako na umeitaja mwishoni. Walilipa lini? Walitoa advansi?

Mranda_Jioni

Walilipa Februari. Advansi hawakutoa.

Mtu_wa_Urambo

Kaka, mimi ni mkulima wa tumbaku na nina duka dogo Urambo. Nikuulize kitu ambacho watu wa mishahara huwa hamkioni kwa sababu kwenu tarehe ya pesa inajulikana. Hizo miezi mingine uliuza kiasi gani? Machi? Novemba?

Mkoa huu pesa yake ina msimu. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, kuanzia Mei hivi mpaka Agosti, utaona pikipiki mpya, mabati mapya, harusi kila Jumamosi. Asali nayo inavunwa kipindi hichohicho. Watu wakishaingia mashambani kuanzia Novemba, pesa inageuka mbolea na vibarua, Januari ada, Machi hata chumvi dukani kwangu wanaandikisha kwenye daftari. Na kuna mwaka malipo ya tumbaku yanachelewa, basi mji mzima unanuna.

Desemba yako ilikuwa ya wafanyakazi wenzako wanaonunua zawadi, nawaza. Sasa wewe unataka kuacha kazi mwisho wa Machi, ufungue fremu Aprili ukiwa umeshalipa kodi ya miezi sita mbele kama wenye fremu wanavyotaka. Utaanza na njaa. Ukiamua kuacha, angalau uache pesa ikiwa inaingia mkoani.

Karani_Mstaafu

Kijana, nimefanya kazi ya utumishi muda mrefu, niseme machache ya barua yenyewe.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Soma mkataba, huenda unasema zaidi. Uone pia kama una kifungu kinachokataza shughuli nyingine ukiwa mwajiriwa, maana umeshaanza kutangaza Instagram. Likizo ambayo hukuichukua wanatakiwa kukulipa. Lakini kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka ni cha mtu aliyeachishwa na mwajiri. Anayeacha kwa hiari asikiweke kwenye hesabu. Vilevile fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, usilitegemee kama umeondoka mwenyewe. Michango yako haipotei, na ukijiajiri unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, ila nenda ofisini kwao ukaulize kabla ya barua, si baada.

Bima ya afya ya watoto ni ya kazini? Hilo ndilo wengi hulikumbuka wakiwa tayari hospitalini.

Kodi isikutishe. Mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure, jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, gharama si ya kulalamikia. Hizo ofisi zitakazokuagiza trei zitakudai karatasi hizo.

Njia_ya_Sikonge

Mimi niko kwenye mambo ya misitu. Mbao ya mninga halali ina alama ya nyundo, ule muhuri unaogongwa kwenye mbao, na inasafiri na hati yake kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali. Sasa hivi unaokota vipande kwa baba mdogo, hakuna anayekuuliza. Siku utakaponunua mbao zako mwenyewe, ukapewa bei rahisi usiku kwenye baiskeli, umenunua kesi. Dai risiti. Na kabla hujatuma mzigo wa saa 40 Dar, pita ofisi ya TFS uulize bidhaa zako zilizokamilika zinahitaji nini njiani, usije ukajibishana na watu wa kizuizi cha barabarani saa nane usiku ukiwa wewe uko Ipuli na mzigo uko kwenye basi.

Kama una ndoto za kuuza nje, jua kwamba mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wa Panama mwaka 2022 uliiweka jamii yote ya mininga ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mkurungu, mti wa jamii hiyohiyo, ulitangulia, 2019. Mti huu unaisha, ndugu zangu, tusijidanganye.

Halafu vaa barakoa. Vumbi la mninga linakamata kifua.

Fundi_Mzee_Ngambo

Nimesoma yote. Wamesema vizuri, lakini hakuna aliyegusa mbao yenyewe.

Mwanangu, mninga hukauka taratibu. Ukishakauka vizuri hautembei, ndiyo maana watu wanaupenda, mlango wa mninga wa babu bado unafungika. Lakini ukiufanyia kazi mbichi, saa yako itapinda ukutani kwa mtu, na trei itaachia kwenye viungo. Ukipeleka Dar kwenye joto la pwani ndiyo balaa zaidi.

Vile vipande unavyookota kwa baba yako mdogo havipindi. Unajua kwa nini? Vimekaa kwenye banda lake miezi na miezi. Pesa yake ndiyo imelala pale ikivikausha. Wewe hujawahi kulipia kusubiri. Ukitaka saa 40 kwa mwezi vipande havitatosha, utanunua mbao, na mbao utakayonunua sokoni leo mara nyingi ni mbichi hata kama muuzaji anaapa. Itabidi uipange, uitenganishe kwa vijiti ipitishe hewa, uisubiri. Wakati huo watoto wanakula nini?

Kwa hiyo mimi nakwambia mshahara wako ndio wa kukaushia mbao. Kila mwezi nunua mbao chache nzuri zenye nyundo, zipange kwa baba mdogo, andika tarehe kwa chaki. Usinunue mashine kubwa, kuranda utaenda kuranda kwa watu kwa kulipia. Siku rundo lako likiwa limekauka na linatosha kazi ya msimu mzima, hapo ukiacha kazi utakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Sasa hivi ukiacha, utakuwa unamgombania baba yako mdogo mabaki, naye ana wanawe.

Mranda_Jioni

Shikamoo mzee wangu. Hili la kukausha sikuwahi kulitazama hivyo. Kweli banda lake lina mbao nilizozikuta mwaka juzi.

Niwajibu wengine. Machi iliyopita niliuza trei mbili na mbao moja ya kukatia. Novemba saa tatu. Bima ni ya kazini, ndiyo, watoto wote wamo. Mkataba nimeufungua leo, haunikatazi biashara isipokuwa isifanane na ya kampuni.

Mke anasema niache fremu, kama ni kuacha kazi tutaongea fremu ikiwa haimo. Anasema wateja wote wamenipata kwenye simu, fremu ya stendi nataka ya nini?

Dada_wa_Vitenge

Huyo mkeo mpe cheo. Mimi mwenyewe nashonea nyumbani.

Mama_Asali

Mdogo wangu, hizo mbao za kukatia unazipaka nini? Kama ni vanishi, acha, kisu kitaibandua iingie kwenye mchicha wa watu. Mafuta ya kupikia nayo huchacha. Tumia nta ya nyuki, iyeyushe na mafuta ya parafini yale ya duka la dawa, paka mbao ikiwa kavu kabisa. Nta Tabora tunayo, mimi nafuga nyuki Sikonge. Kisha muuzie mteja na kikopo kidogo cha hiyo nta aendelee kupaka nyumbani. Kikopo kinaisha, mbao haiishi, umeona? Dada wa Kigoma alikuuliza nani ananunua saa kila siku. Nta itawarudisha.

Na Nanenane ya Kanda ya Magharibi iko hapohapo Ipuli kwenu. Agosti, pesa ya tumbaku ikiwa mifukoni. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, uulize wanavyowapanga wajasiriamali wadogo mabandani.

Kijiwe_Cheyo

Haya nimeshindwa. Ila mkopo je? Si wapo wanaotoa siku hiyohiyo kwa kitambulisho tu?

Karani_Mstaafu

Hao ni kausha damu, usimtume mwenzako huko. Kama atahitaji mkopo, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na hauna riba. Kikundi kinaundwa na watu, lakini, na watu hugombana. Bora mbao kidogo kidogo kama mzee alivyosema.

Mranda_Jioni

Nawashukuru sana. Barua ya Machi nimeiweka kando. Mwezi huu nanunua mbao za kwanza na baba mdogo amekubali zikae bandani kwake, amesema nimlipe kwa kumsaidia Jumapili. Nanenane nitachukua likizo yangu. Baada ya hapo nitawaletea hesabu halisi, miezi mibaya ikiwemo, tuamue tena.

Bado Dar wananisumbua. Nimewaambia sitoi mali kauli, wamesema watalipa nusu mbele.

Dada_wa_Vitenge

Nusu ya 28,000?

Mranda_Jioni

Ndiyo, ya 28,000.

Dada_wa_Vitenge

Hiyo ni 14,000 na saa imekugharimu 23,000. Waambie 36,000, nusu mbele, saa 10 tu, na usafiri juu yao. Wakikataa, hizo 10 zibaki kwa ajili ya Nanenane.