Pikipiki ya Kulwa inalia upande wa kushoto

Kulwa: Habari za jioni wanafamilia. Nimetoka hospitali, goti limechubuka na kuvimba ila picha inaonyesha mfupa mzima. Shida sasa ni pikipiki. Nimeikokota mpaka kwa fundi hapa Igoma, akaiwasha mara moja akasikiliza akasema injini imekwisha tushushe tufungue yote, anataka laki mbili na nusu ya kuanzia. Mjomba upo?

Shangazi Nyamizi: Mungu mkubwa. PF3, ile fomu ya polisi, ulichukua? Usije ukahangaikia chuma mguu ukaachwa hivyo hivyo

Kulwa: Nilichukua shangazi. Shikamoo

Shangazi Nyamizi: Marahaba mwanangu. Kaa chini basi, pikipiki haiendi popote

Mjomba Masanja: Pole sana mpwa wangu. Nipo. La kwanza mwambie fundi asiiwashe tena, hata kwa kuwasikilizisha watu, asiiwashe. Halafu niambie uliangukia upande gani na je ilizima yenyewe au iliendelea kuunguruma ikiwa imelala?

Kulwa: Kushoto. Nilikuwa natoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba na magunia mawili ya dagaa, kufika Mabatini daladala ikasimama ghafla nikakwepa ikaserereka chini na mimi. Haikuzima. Gunia lilikuwa limenibana mguu, jamaa mmoja ndo akaja kuzima ufunguo

Doto: Kwani kuzima au kutozima kunahusu nini mjomba?

Mjomba Masanja: Kunahusu sana. Oili inakaa chini kwenye kreti, lile tumbo la injini, na pampu inaivuta kutoka pale, sasa pikipiki ikilala oili yote inahamia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa tupu huku injini inazunguka, na kule juu kwenye kamshafti na rokaa, vile vinavyofungua valvu, ndo kunakoumia mapema. Ikiwa ni sekunde chache na ilikuwa sailensi, yaani inaunguruma taratibu bila kupewa mafuta, mara nyingi inapona. Ikiwa mkono wa mafuta ulibana chini ikawa inapiga kelele kwa nguvu, hapo naogopa. Kulwa ilikuwa inapiga kelele?

Kulwa: Hapana ilikuwa taratibu tu, ile ya kawaida

Mjomba Masanja: Afadhali. Mlio wenyewe ukoje?

Kulwa: *ujumbe wa sauti*

Mjomba Masanja: Nasikia kwaru kwaru na nasikia tiki tiki. Ila simu isikudanganye, mlio mzito wa chini haiuchukui vizuri, kwa hiyo nisiposikia ngo ngo kwenye simu sio kwamba haipo. Kuna kugonga kwa chini unakokusikia tumboni mwa pikipiki, kunaongezeka ukiipa mzigo, hiyo ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, au beringi zake na hapo ndo tunafungua kweli. Upo?

Kulwa: Huo sijausikia

Doto: Mi ningemwaga hiyo oili niweke nzito kuliko hiyo, makelele yanapungua

Mjomba Masanja: Doto hapana mwanangu. Oili nzito inaficha mlio, haitibu. Na sisi sa hv tunautafuta mlio, tukiufunika tutajuaje ulikuwa unatoka wapi. Kulwa sikiliza, fanya hivi kabla giza halijaingia. Isimamishe wima kabisa kwenye usawa, toa kijiti cha oili uangalie. Oili ikiwa imepungua angalia boksi la hewa, pikipiki ikilala oili inapita kwenye mpira wa kupumulia inaingia kwenye filta. Nusa pia, ikinuka petroli ujue kabureta ilimwagia ndani na hiyo oili haifai tena kulainisha kitu, unabadilisha.

Kulwa: Oili ipo chini kidogo ya alama. Hainuki petroli. Kwenye boksi la hewa kuna oili kweli!

Mjomba Masanja: Ndo ilikokwenda. Pafute na filta uisafishe. Sasa toa plagi, ufunguo ukiwa umezimwa, weka frii, gia yoyote isiingie, halafu sukuma kiki kwa MKONO polepole. Sio kupiga, kusukuma. Bila moto injini inazunguka kimya kwa hiyo chochote kinachokwaruza utakisikia chenyewe.

Kulwa: Inakwaruza mjomba! Nyuma ya kava ya kushoto, ile yenye nyaya. Kila mzunguko mara moja

Mjomba Masanja: Vizuri. Bado hujamaliza. Weka stendi ya kati, gurudumu la nyuma lizungushe kwa mkono, likiwa frii hivyo hivyo.

Kulwa: Na penyewe kuna shii shii. Bati la kufunika cheni limebonyea linagusa cheni

Mjomba Masanja: Umeona eh. Fundi amesikia milio imechanganyika akasema injini imekwisha, kumbe mmoja hata sio wa injini. Ndo maana siku zote nasema ule unaofuata gurudumu uutenge na ule unaofuata injini, kabla mtu hajashika spana. Bati linyooshe kwa koleo hapo hapo.

Kulwa: Limekaa. Kimebaki cha kwenye kava

Mjomba Masanja: Nyuma ya hiyo kava kuna magneti, ni kama sufuria ya chuma yenye sumaku, inazunguka na krenki, mhimili mkuu wa injini, na ndani yake kuna koili zinazotengeneza umeme. Nafasi kati yake na kava ni ndogo mno. Ulipoangukia kushoto kava imesukumwa ndani, sasa inalambwa. Mwambie fundi afungue kava hiyo PEKE YAKE. Amwage oili kwanza kwenye beseni safi mpitishe sumaku ndani yake. Unga mwembamba kabisa ni kawaida, vipande vinavyong'aa sio kawaida.

Mama Kabula: Shikamoo mjomba. Naomba niseme kitu. Huo tiki tiki aliourekodi mimi naujua, ulikuwepo kabla hajaanguka. Nikiwa nimelala nasikia pikipiki inakata kona ya kwetu najua ni yeye kwa huo mlio, akiwasha asubuhi ndo unasikika zaidi halafu baadaye unapungua. Ila huo wa kukwaruza ndo mgeni

Mjomba Masanja: Marahaba mama. Wabeja sana, umetusaidia kuliko fundi. Mtu akishaanguka masikio yanafunguka anasikia kila kitu anadhani chote kimetokana na ajali, halafu analipia kutengeneza visivyoharibika. Unasikika ikiwa ya baridi na ikipata moto unapungua? Basi naanza na gasketi ya ekzosi pale kwenye shingo, chuma kikipanuka kinaziba. Kulwa angalia pale inapoungana na silinda hedi kama kuna masizi meusi.

Kulwa: Yapo meusi kabisa

Mjomba Masanja: Nunua gasketi, ni hela ndogo. Ukifunga ukakuta bado inatiki, ndo tutapima tapeti, ile nafasi ya valvu, injini ikiwa imepoa.

(saa 2:40 usiku)

Kulwa: Fundi alikuwa mgumu lakini amefungua kava peke yake kama ulivyosema. Ndani kuna alama ya kukwanguliwa inang'aa kama mwezi mchanga na pembeni kuna ufa mdogo. Koili hazijaguswa. Oili ina unga tu, mweupe mweupe, kwenye sumaku hakijanasa kipande. Anasema atainyoosha kava kwa nyundo

Mjomba Masanja: ASIGONGE. Ile ni aluminiamu ya kumimina, ukiigonga inapasuka, na ufa tayari upo. Huo unga mweupe ni kava yenyewe iliyokwanguliwa ndo maana sumaku haiutaki. Tafuta kava yoyote nzima hata iliyotumika kwa wauza spea, weka gasketi mpya, oili mpya. Bolti azikaze kwa kupishana, asilazimishe, mikato ya bolti kwenye aluminiamu inakatika halafu inavuja maisha yako yote.

Doto: Kava nitaitafuta kesho huku mjini, nitumie picha ya ile ya zamani na namba iliyoandikwa ndani

Kulwa: Natuma. Asante ndugu yangu. Kwa hiyo kesho mchana naweza kurudi kazini? Tajiri mwenye pikipiki ameshaulizia hesabu ya wiki

Mjomba Masanja: Mpigie tajiri leo umwambie ukweli wa ajali, usisubiri akusikie kwa watu. Na abiria usibebe kwanza. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu la mbele kwa magoti, usukani ukae sawa. Gurudumu linaangalia wapi?

Kulwa: Goti lenyewe hili mjomba. Amebana fundi. Limekata kushoto kidogo

Mjomba Masanja: Mara nyingi shokapu za mbele zimejipinda kwenye vishikio tu, zinalegezwa bolti zinarudishwa zinakazwa. Lakini kama bomba lenyewe limepinda halinyooshwi, na hilo siwezi kuliona kwenye simu. Zisiguswe, kesho saa moja asubuhi nipo hapo Igoma na spana zangu.

Shangazi Nyamizi: Na mimi nakuja na uji. Mama Kabula mguu wake uuwekee mto