Naomba ushauri: akisi za mawimbi ya Wi-Fi katika ukumbi wa mabati

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Naandaa modeli ya usambaaji wa mawimbi ya gigahezi 2.4 ndani ya ukumbi mmoja hapa Kisumu, wenye kuta za matofali na paa la mabati lisilo na dari, ambamo ishara huifikia antena ya kupokea kwa njia nyingi. Nimefuatilia miale kwa programu hadi akisi ya tatu (yaani mwale ukidunda kwenye kuta au paa hadi mara tatu), lakini nguvu iliyokokotolewa hutofautiana sana na niliyoipima, hasa nyuma ya ukumbi. Nashuku mabati kuliko kuta, ingawa kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 12.5 hata kuisogeza antena kidogo hubadilisha kipimo.

Je, niongeze idadi ya akisi, au nitumie modeli ya kitakwimu ya Saleh na Valenzuela ya 1987, inayoipanga miale kimakundi? Na pale antena zinapoonana moja kwa moja, mgawanyo wa Rice (wa kitakwimu, unaoeleza kupanda na kushuka kwa nguvu ya ishara panapokuwa na njia moja iliyo kuu) unatosha?